Kwa nini saratani ya ubongo hurejea hata upasuaji unapofanikiwa

JUNI 2, 2008, Seneta Edward Kennedy wa Marekani alifanyiwa upasuaji wa ubongo, na daktari wake akatangaza kuwa umefanikiwa. Agosti 25, 2009, seneta huyo alikuwa ameshafariki dunia.

Iweje upasuaji ufanikiwe na ugonjwa uue?

Jibu limo katika maumbile ya uvimbe wenyewe. Kennedy aliugua glioma, saratani inayoanzia ndani ya ubongo. Aina yake iliyo kali zaidi huitwa glioblastoma, nayo haina mpaka. Ni kama ndago shambani: majani yanaonekana, lakini mizizi imeshasambaa.

Mwaka 1928, daktari Walter Dandy wa Marekani aliripoti kuwa alikuwa amewaondolea wagonjwa kadhaa nusu nzima ya ubongo, upande wa kulia. Hata hatua hiyo haikuwaponya.

Tangu hapo, lengo la upasuaji limekuwa kuondoa sehemu kubwa kadiri inavyowezekana pasipo kuharibu usemi na viungo. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huamshwa katikati ya upasuaji wazungumze. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu.

Wengine hunyweshwa dawa inayofanya seli za saratani zing'ae rangi nyekundu chini ya mwanga wa buluu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 nchini Ujerumani ulionyesha kuwa kwa njia hiyo asilimia 65 ya wagonjwa waliondolewa uvimbe wote unaoonekana kwenye picha, ikilinganishwa na asilimia 36 waliopasuliwa kwa mwanga wa kawaida.

Seli zinazobaki hushambuliwa kwa mionzi na dawa. Utafiti wa mwaka 2005 ulibaini kuwa nusu ya waliopata mionzi pekee waliishi zaidi ya miezi 12.1, walioongezewa dawa ya temozolomaidi, miezi 14.6. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai walikuwa asilimia 10.4 na 26.5.

Kwa hiyo, familia inapoambiwa upasuaji umefanikiwa, haina budi kuuliza: kiasi gani kimebaki, matibabu yanayofuata yataanza lini, na mgonjwa angependa kuutumiaje muda alioupata?

Kennedy aliutumia. Agosti 25, 2008, mwaka mmoja kamili kabla ya kifo chake, alisimama mjini Denver na kuuhutubia mkutano mkuu wa chama chake.