Mstari Ubaoni

Miaka ya tisini nilipokuwa nikifunza fasihi Kyuso, wanafunzi walinijia na malalamiko juu ya A Grain of Wheat, riwaya ya Ngugi wa Thiong'o iliyotoka mwaka 1967. "Mwalimu, hadithi hii inarudi nyuma kila mara. Mwanzo wake uko wapi?" Malalamiko yao yalikuwa na msingi. Kisa hicho huchukua siku chache tu kabla ya Uhuru wa Desemba 12, 1963, lakini kila mhusika akitulia kidogo, kumbukumbu humrejesha katika miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952.

Kwa kutaka kuwasaidia nilichora mstari ubaoni, nikayapanga matukio yote tangu la kwanza hadi la mwisho. Wakanakili, wakashukuru. Leo nakiri kwamba niliwakosea.

Katika mstari ule, usaliti wa Mugo ulikuja mapema: anamsaliti Kihika, Kihika ananyongwa. Ajuaye hayo tangu mwanzo husoma kurasa zilizosalia kama hakimu aliyekwisha kuandika hukumu. Ngugi hakukusudia hivyo. Tunamkuta Mugo akiheshimiwa na kijiji kizima cha Thabai, akiombwa ahutubie sherehe za Uhuru; tunamhurumia kwa mateso ya kizuizini; kisha siri inafichuka, nasi tumekwisha kumpenda.

Afadhali ningalimsikiliza jirani yangu, mzee aliyepigana Burma katika jeshi la KAR. Simulizi yake ya vita ilianzia njaa ya 1961, ile Yua ya Ndeke, chakula kilipoangushwa kwa ndege. Ndege hizo zilimkumbusha ndege za Burma, na Burma ikamrudisha kwa mama yake siku ya kuagana. Nilimsikiliza jioni nyingi kabla hajamtaja mwenzake aliyemwacha njiani akiwa hai. Ningalimdai tarehe, nadhani asingalifika hapo.

Walimu wenzangu, mstari na ungoje hadi kitabu kimalizike. Kwanza mwanafunzi aandike, kwa kila sura, ni nani anayekumbuka na anamsimulia nani. Ataona kwamba Gikonyo na mkewe Mumbi, kila mmoja kwa wakati wake, wanamwendea Mugo kumfungulia mioyo yao, na Mumbi ni dada yake Kihika.