SOKO LA SIMU: 50MP kwenye boksi si kipimo cha kamera

MFANYABIASHARA anayekwenda Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi kununua simu kwa bei ya jumla hukutana na tarakimu ileile kwenye boksi baada ya boksi: 50MP. Tarakimu hiyo imechapwa kwenye simu za bei ya chini, na imechapwa pia kwenye simu ambazo bei yake ni mara tatu au nne ya hizo.

Mteja wa rejareja naye ameizoea. Akiingia dukani anauliza chaji inakaa muda gani, memori ni kiasi gani, na kamera ni "megapikseli ngapi". Muuzaji anayejibu swali la tatu kwa kusoma boksi tu anaweza kuuza siku hiyo, lakini pia anaweza kumwona mteja huyo tena baada ya siku tatu akiwa na simu mkononi na uso umekunjamana.

Suala hili ni la mtaji. Kwa mfano, muuzaji anayechukua simu 20 za toleo lililopandishwa bei kwa Sh. 30,000 kila moja kwa sababu tu ya tarakimu ya kamera ameweka Sh. 600,000 juu ya tarakimu hiyo. Kama kamera haina tofauti na ile ya toleo la chini, fedha hizo zitarudi kwa punguzo, kwa mabishano, au hazitarudi.

Megapikseli moja ni nukta milioni moja za picha. Nukta hizo hukusanywa na kibao kidogo kilicho nyuma ya lenzi, kiitwacho kihisi, ambacho kazi yake ni kupokea mwanga. Kinachoamua ubora wa picha kwa sehemu kubwa ni ukubwa wa kibao hicho na uzuri wa lenzi, kisha programu inayosafisha picha. Idadi ya nukta inakuja nyuma ya hayo.

Mfano halisi unasaidia hapa. Kihisi cha Samsung kijulikanacho kama JN1, kilichotangazwa mwaka 2021, kina nukta milioni 50, na kila nukta ina upana wa mikromita 0.64. Kihisi cha Sony kiitwacho IMX766, kilichotumika kwenye OnePlus Nord 2 mwaka huohuo wa 2021, nacho kina nukta milioni 50, lakini kila nukta ina upana wa mikromita 1.0. Ukipiga hesabu ya eneo, cha kwanza kina milimita za mraba zipatazo 20 na cha pili zipatazo 50. Yaani kimoja kinapokea mwanga kwenye uwanja ulio karibu mara mbili na nusu ya kingine, ilhali boksi zote mbili zinaweza kuandikwa 50MP bila mtu kusema uongo.

Ni sawa na kukinga maji ya mvua kwa sinia na kwa kisahani. Mchana wa jua kali vyote vitajaa na tofauti haitaonekana sana. Jioni, ndani ya duka au kwenye ukumbi wa harusi, ndipo kisahani kinapoumbuka: picha inakuwa na chembechembe, nywele zinakuwa kama zimepakwa rangi, na sura inalainishwa hadi kupoteza alama zake.

Watengenezaji wanalijua tatizo hili. Ndiyo maana simu nyingi za 50MP hazipigi picha ya 50MP isipoamriwa. Huunganisha nukta nne kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12.5. Mnunuzi anaweza kulithibitisha hilo papo hapo kwa kupiga picha, kuifungua na kutazama maelezo yake. Mara nyingi atakuta vipimo vya 4080 kwa 3060. Akiwasha sehemu ya 50MP katika kamera atapata 8160 kwa 6120, pamoja na faili zito linalokula memori na, mara nyingi ndani ya nyumba, picha mbaya kuliko ile ya kwanza.

Simu za 108MP nazo hufanya vivyo hivyo kwa kuunganisha nukta tisa kuwa moja, na kinachotoka ni megapikseli 12. Hata hivyo, haki itendeke. Kihisi cha 108MP chenye nukta za mikromita 0.64 ni kikubwa kuliko cha 50MP chenye nukta za ukubwa huohuo, maana nukta zimezidi. Kinaweza kabisa kutoa picha bora. Lakini ubora huo unatokana na ukubwa wa kibao, na mnunuzi anayetaka kulinganisha atafute kipimo hicho kwenye maelezo ya mtengenezaji. Huandikwa kwa sehemu za inchi, kama 1/2.76 au 1/1.67. Namba ya chini ikiwa ndogo, kibao ni kikubwa.

Kuna wakati tarakimu ya boksi ilizua mjadala mkubwa zaidi. Januari 2019 Xiaomi ilitoa Redmi Note 7 ikiwa na kamera ya 48MP iliyotumia kihisi cha Samsung GM1. Kihisi hicho kilikuwa na nukta hizo lakini hakikuundwa kutoa picha kamili ya 48MP. Programu ya simu ndiyo iliyoikuza picha ndogo hadi kufikia ukubwa huo. Toleo lililofuata, Redmi Note 7 Pro, lilitumia kihisi cha Sony IMX586 chenye uwezo halisi wa 48MP. Majina yalikaribiana, tarakimu ilikuwa moja, na bidhaa zilikuwa mbili tofauti.

Upande wa pili wa biashara hii ya tarakimu ni idadi ya kamera. Simu ya bei nafuu yenye macho matatu mgongoni humvutia mteja aliye dirishani. Lakini jicho la pili mara nyingi ni la 2MP kwa ajili ya picha za karibu sana au kupima umbali, na la tatu huandikwa "lenzi ya AI" na ukisoma maelezo madogo utakuta neno QVGA. Neno hilo lina maana ya nukta 320 kwa 240, yaani nukta 76,800 tu, chini ya sehemu moja ya kumi ya megapikseli moja. Kamera ya namna hiyo haiwezi kuchangia chochote cha maana kwenye picha.

Jaribio lake ni rahisi na halina gharama. Mnunuzi afungue kamera, achague sehemu ya kufifisha mandhari ya nyuma ya mtu, kisha azibe kwa kidole jicho la pili na baadaye la tatu. Kama picha inabaki vilevile na simu hailalamiki, jicho hilo ni pambo. Kwa pambo hakuna sababu ya kuongeza bei.

Kabla ya kujadili ubora, ni busara pia kuuliza picha itakwenda wapi. Wengi wanaonunua simu za daraja hili siku hizi ni wauzaji wenzao: wa vitenge, viatu, keki, samani na mitumba, ambao duka lao ni WhatsApp na Instagram. WhatsApp katika hali yake ya kawaida hupunguza picha hadi upande mrefu kuwa na nukta zipatazo 1,600, ambazo ni chini ya megapikseli mbili. Tangu Agosti 2023 kuna njia ya kutuma picha yenye ubora zaidi, lakini lazima mtumaji aichague. Instagram nayo kwa miaka mingi imeonyesha picha kwa upana wa nukta 1,080. Hata mwenye studio ya mtaani anayechapa picha za sentimita 10 kwa 15 kwa nukta 300 kwa inchi anahitaji megapikseli zipatazo mbili tu, na ukurasa mzima wa A4 unahitaji karibu tisa. Picha ya megapikseli 12 iliyo safi inatosha kazi zote hizi.

Kisichotosha ni rangi isiyo ya kweli, na hapo ndipo hasara ya muuza vitenge inapoanzia. Kamera nyingi za bei nafuu huongeza rangi makusudi ili picha ivutie kwenye kioo. Nyekundu iliyokolea hupoteza maua yake na kuwa bonge moja, na zambarau huelekea bluu. Mteja wa Mwanza aliyetumiwa picha ya zambarau-bluu akapokea zambarau yenyewe atarudisha mzigo, na nauli ya basi kwenda na kurudi italipwa na muuzaji.

Kwa hiyo mnunuzi makini huenda dukani na kipande cha kitambaa anachokijua. Apige picha kikiwa karibu na mlango penye mwanga wa jua, kisha apige chini ya taa za ndani, halafu aweke simu kando ya kitambaa chenyewe na kulinganisha kwa macho. Aipeleke picha hiyo pia kwenye simu nyingine, kwa sababu kioo cha simu inayouzwa kinaweza kuwa ndicho kinachoipamba.

Jaribio la sura ya mtu ni muhimu vilevile, na lina historia. Katika enzi za filamu, Kodak ilikuwa ikisambaza kwenye maabara za picha kadi ya mwanamke Mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, ili mafundi wasawazishe rangi kwa kumtazama yeye. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kamera za simu zilirithi tatizo hilo kwa sura mpya: programu hukadiria mwanga wa picha nzima, na mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta mweupe anabaki kivuli.

Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, inayomiliki Tecno, Infinix na itel, ilijijengea jina katika soko la Afrika kwa sehemu kwa kurekebisha kamera zake zifae ngozi nyeusi. Kampuni hiyo iliorodheshwa kwenye soko la hisa la Shanghai Septemba 2019. Google nayo ilitangaza marekebisho ya aina hiyo kwenye simu zake za Pixel 6 mwaka 2021. Hata hivyo jina la kampuni lisichukuliwe kuwa uthibitisho wa kila toleo. Msaidizi wa duka asimamishwe mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake, apigwe picha. Uso ukionekana na mandhari isiungue kabisa kuwa nyeupe, simu imefaulu. Ngozi ikitoka na rangi ya majivu au nyeupe kuliko ilivyo, imeshindwa, hata kama mwenye sura ameifurahia.

Video hupimwa kwa kutembea hatua kumi huku unarekodi. Simu nyingi za bei ya chini hazina lenzi inayojituliza yenyewe, hivyo picha huruka kama iliyopigwa juu ya bodaboda. Nyingine hutuliza kwa programu, jambo ambalo hukata kingo za picha. Mistari ikionekana kupita kwenye video iliyopigwa chini ya taa za dukani, simu isihukumiwe haraka. Umeme wa hapa ni wa hezi 50 na taa nyingine huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kwenye simu nyingi kuna mahali pa kuchagua hezi 50 na mistari ikapotea.

Pia ipimwe kasi. Bonyeza kitufe mara tano mfululizo na utazame simu inachukua muda gani kuwa tayari. Chombo kinachofikiri sekunde mbili baada ya kila picha hakimfai mpiga picha wa mahafali. Mnunuzi apige picha ya maandishi madogo ya risiti, aikuze, kisha atazame pembe nne. Katikati pakisomeka na pembe moja tu ikawa na ukungu, lenzi imekaa upande, na huo ni ubovu wa simu hiyo moja. Boksi la pili la toleo lilelile linaweza kuwa zima. Ndiyo sababu anayechukua mzigo wa jumla anashauriwa kufungua zaidi ya boksi moja.

Kwa simu za mtumba zinazopitia Dubai, liongezwe jaribio la kumulika lenzi kwa tochi na kupiga picha ya karatasi nyeupe. Madoa meusi yasiyohama ni vumbi lililoingia ndani au kihisi kilichoumia.

Mwekezaji mdogo anayefuatilia hisa za nje angetazama pia ni nani anayeuza viungo hivi. Vihisi hutoka kwa kampuni chache, zikiwamo Sony, Samsung na OmniVision, na lenzi hutoka kwa kampuni kama Largan ya Taiwan na Sunny Optical ya China. Si kila mmoja anaona faida hapo: Machi 2025 SK Hynix ya Korea Kusini ilitangaza kuachana na biashara ya vihisi ili kuelekeza nguvu kwenye memori za akili mnemba.

Katika mapatano ya bei ya jumla, majaribio haya yote hayazidi dakika 15 kwa toleo moja. Muuzaji wa jumla anayekataa boksi lifunguliwe aombwe awashe simu ya maonyesho ya toleo hilohilo, na namba zake za IMEI, zinazopatikana kwa kubonyeza *#06#, zilinganishwe na zilizo kwenye boksi. Kwa Tanzania namba hiyo hutumwa kwenda 15090 na kwa Kenya 1555. Jina la toleo litakalorudishwa na ujumbe huo likitofautiana na la kwenye boksi, kamera haina haja ya kupimwa.