Mwerere na presha: mti hupimwaje?

Kando ya mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya kuelekea Nyeri na Karatina huota mti ambao Wakikuyu huuita mwerere. Wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra, na ukoo huo wa Rauvolfia una historia nzito katika tiba ya presha.

Nduguye wa India, Rauvolfia serpentina, alitumiwa na waganga kwa karne nyingi. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha matokeo ya kuujaribu mmea huo kwa wagonjwa 50. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, wakatenga kiini chake, reserpini. Kiini hiki humaliza akiba ya noradrenalini, kemikali ambayo neva huitumia kuibana mishipa ya damu. Mishipa ikilegea, presha hushuka. Ila ubongo nao huitegemea kemikali hiyo. Baadhi ya waliomeza reserpini walizibwa pua, wakasinzia mchana, na wengine wakapatwa na huzuni nzito.

Je, mwerere nao unashusha presha? Undugu pekee si ushahidi. Gome, mizizi na majani ya mti uleule hayalingani kwa kemikali. Kwa hiyo kazi huanza na tawi lililokaushwa na kutambuliwa, mathalani katika hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Makumbusho ya Kitaifa Nairobi, ikaenda maabara, kisha kwa panya, ambako ini na figo huchunguzwa kwa makini sawa na presha yenyewe.

Kwa binadamu ndipo wengi hudanganyika. Aliyepimwa leo akapata 160 anaweza kupata 150 wiki ijayo bila kunywa chochote. Lazima liwepo kundi la kulinganisha. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, uliochapishwa 2010, watu 65 waligawanywa: wengine walikunywa chai ya mmea mwingine, rosela, vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6, wengine kinywaji cha kuigiza. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa 7.2 kwa wanywaji wa rosela, na kwa 1.3 kwa wale wengine. Rosela inastahili sifa ya tofauti hiyo tu.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta asilimia 56 ya Wakenya watu wazima hawajawahi kupimwa presha. Mtu wa namna hiyo akianza kuchemsha gome, hana namba ya kulinganisha nayo. Na anayelichanganya na vidonge vya hospitali bila kumwambia daktari anaweza kushusha presha kupita kiasi, akaanguka.