Butura na Kahawa ya Kagera: Kwa Nini Mkulima Mdogo Huuza Kabla ya Kuvuna

Katika Kata ya Ijuganyondo, Manispaa ya Bukoba, mji na shamba havijaachana. Nyuma ya nyumba nyingi za pembezoni mwa mji wa Bukoba bado kuna kibanja cha kaya, yaani migomba na, chini ya kivuli chake, mibuni. Shamba la aina hiyo ni dogo, lakini ndilo chanzo cha mnyororo unaofika hadi kwa wanywaji wa kahawa Ulaya na Asia. Takriban asilimia 90 ya kahawa yote ya Tanzania huzalishwa na wakulima wadogo, na Mkoa wa Kagera ndio unaoongoza kwa kahawa ya robusta.

Ukubwa wa mchango huo huonekana vizuri bandarini. Kontena moja la futi 20 hubeba magunia yapatayo 320 ya kilo 60, sawa na tani 19 na kidogo. Ikiwa kaya moja hupata kilo 200 za kahawa safi kwa msimu, zinahitajika kaya 96 kulijaza. Hakuna mnunuzi mkubwa awezaye kupita nyumba hadi nyumba akikusanya kiasi hicho. Ndiyo maana kahawa huvunwa, hukaushwa ikiwa na maganda yake, hupelekwa Chama cha Ushirika cha Msingi (AMCOS), kisha hupitia chama kikuu kama KCU au KDCU, hukobolewa kiwandani na kuuzwa. Sehemu nyingine hubaki Bukoba na kusindikwa na kiwanda cha TANICA kuwa kahawa ya kuyeyuka.

Katika safari hiyo yote, mgavi mdogo ndiye anayesubiri fedha kwa muda mrefu kuliko wengine. Mavuno ya robusta Kagera huanza kushika kasi kuanzia mwezi Mei. Shule hufunguliwa Januari. Kati ya sare za mtoto na gunia la kwanza la kahawa kuna miezi minne au mitano, na mahitaji mengine, kama ugonjwa au msiba, hayafuati msimu.

Pengo hilo ndilo lililozaa butura, desturi ya kuuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa ua tu. Wakulima wa korosho wa mikoa ya kusini wanalo jambo linalofanana nalo, nao huliita kangomba. Mwenye fedha hutoa kiasi fulani leo, na wakati wa mavuno huchukua kahawa yote waliyokubaliana, bei iwe imepanda kiasi gani.

Hesabu yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Chukua mfano wa mkulima aliyepokea shilingi 100,000 mwezi Januari kwa gunia ambalo mwezi Juni lingemletea shilingi 200,000. Amelipa shilingi 100,000 kwa kutumia shilingi 100,000 kwa miezi mitano. Kiwango cha juu cha riba kilichowekwa na Benki Kuu kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, bila kulimbikiza riba, mkopo huohuo ungemgharimu shilingi 17,500. Hata mikopo ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu huenda isifikie makali hayo.

Serikali imepiga marufuku butura na kuelekeza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika. Katika misimu ya karibuni minada ya wazi imefanya bei ijulikane kwa mkulima mwenyewe, jambo ambalo zamani lilikuwa siri ya mnunuzi. Hata hivyo, marufuku peke yake haileti fedha Januari. Mnunuzi wa butura huja na noti mkononi, na baada ya mavuno, mlanguzi anayevusha kahawa kupitia mpaka wa Uganda hulipa papo hapo. Chama kinachochelewesha malipo hata kwa wiki chache kinashindana na watu hao kikiwa na mkono mmoja umefungwa.

Tena kuna kumbukumbu. Ushirika wa kahawa Bukoba ni wa siku nyingi. Chama kikuu cha zamani, BNCU, kiliundwa mwaka 1950. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, na KCU ya sasa ikaandikishwa upya mwaka 1990. Wazee waliopitia mabadiliko hayo huuliza kwanza watalipwa lini, ndipo waulize bei.

Butura huharibu pia ubora. Aliyekwisha kulipia mti hana sababu ya kungoja buni ziive. Hukamua tawi zima, mbichi na mbivu pamoja, na kuanika chini badala ya kwenye turubai au chanja. Mnunuzi wa mwisho hushusha daraja, na hasara humrudia mkulima msimu unaofuata.

Sasa limeongezeka sharti jingine. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka kahawa inayoingia katika soko lake ithibitishwe kuwa haikutoka katika msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020. Kibanja cha miongo mingi hakina kosa, ila ni lazima kijulikane kilipo. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, nukta moja ya kijiografia inatosha, hivyo kazi yenyewe si ngumu. Ugumu ni wingi wa mashamba. Kahawa iliyouzwa kwa butura hupita nje ya daftari la chama, na ikifika sokoni haina shamba la kuonyesha.

Mkulima anashauriwa kujiandikisha katika AMCOS yake kabla ya mavuno, kushuhudia mzigo wake ukipimwa, na kudai stakabadhi yenye uzito na tarehe. Mizani isiyoaminika huripotiwa kwa Wakala wa Vipimo.

Kuhusu fedha za kati ya misimu, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mzee mwenye kibanja asiye katika kundi lolote kati ya hayo hafikiwi na mikopo hiyo. Kwake yeye, mlango uliobaki ni akiba na mikopo ya chama chake, na maombi yake hufaa yaandaliwe kabla ya Desemba, mibuni ikiwa ingali na maua.