Timu ya Jeshi la Rwanda na Suala la Wafungaji

Kila msimu wa usajili unapokaribia mjini Kigali, wapenzi wa klabu ya APR hurudia mjadala mmoja ambao umewagawa kwa zaidi ya miaka kumi: mabao ya timu ya jeshi yafungwe na nani? Wako wanaotaka yafungwe na vijana wa Rwanda peke yao. Wako wanaosema kwamba bao halina uraia, na kwamba klabu isiyoleta mshambuliaji wa kweli kutoka nje itaendelea kutawala nyumbani na kuaibika ugenini.

Ili kuelewa uzito wa mjadala huo, yafaa kukumbuka asili ya klabu yenyewe. APR iliundwa mwaka 1993, wakati wa vita, miongoni mwa wapiganaji wa jeshi la Rwanda Patriotic Army, na herufi zake tatu zatokana na jina la jeshi hilo kwa Kifaransa. Mwaka 1995 ilitwaa ubingwa wa nchi kwa mara ya kwanza, na tangu hapo imeutwaa zaidi ya mara 20. Wenyeviti wake huwa ni maofisa wa jeshi. Askari yeyote aliyewahi kuipigia makofi timu ya kikosi chake ataelewa kwa nini kushindwa kwa timu kama hiyo huumiza zaidi ya kupoteza pointi.

Katika miaka ya mwanzo APR ilichanganya wenyeji na wageni, na Kombe la Kagame ililinyakua katika miaka ya 2004, 2007 na 2010. Kisha, mwaka 2012, viongozi walikata shauri kwamba timu itachezwa na Wanyarwanda watupu. Uamuzi huo haukuwa wa ndoto tu. Mwaka mmoja kabla, vijana wa Rwanda wa umri chini ya miaka 17 walishika nafasi ya pili Afrika katika mashindano yaliyofanyika kwao, nyuma ya Burkina Faso, wakaenda Mexico kucheza Kombe la Dunia la umri huo. Ilionekana kwamba chemchemi imepatikana. Tena kwa jeshi lililojengwa juu ya msingi wa kujitegemea, sera hiyo ilieleweka kwa urahisi. Hata hapa Tanzania, timu kama JKT Tanzania, Mashujaa na Prisons hutegemea zaidi wachezaji wazalendo.

Nyumbani sera hiyo ilizaa matunda. Ugenini ilizaa maswali. Mwaka 2021 APR ilitoka sare ya bao 1-1 na Étoile du Sahel mjini Kigali, kisha ikafungwa 4-0 huko Tunisia. Mwaka 2022 iliishinda US Monastir, pia ya Tunisia, 1-0, ikaenda kwao ikafungwa 3-0. Jeraha lililowauma zaidi wapenzi wake, ingawa si wote wanaokiri, lilitoka kwa mahasimu wao. Mwaka 2018 Rayon Sports, ikiwa na wageni katika kikosi chake, iliishinda Young Africans ya Tanzania 1-0 mjini Kigali na kuwa klabu ya kwanza ya Rwanda kuingia robo fainali ya Kombe la Shirikisho.

Hapo ndipo lawama zilipowaangukia washambuliaji, na pengine si kwa haki kamili. Katika ligi ya nyumbani, timu nyingi zinapokutana na APR hurudi nyuma na kulinda lango lao. Mshambuliaji hupata nafasi nne au tano. Akikosa tatu na kufunga moja, jioni hiyo ni shujaa. Mazoea hayo ni hatari. Mbele ya walinzi wa Afrika Kaskazini nafasi huja moja, nayo huja kwa nusu ya nukta. Kijana ambaye hajawahi kuadhibiwa kwa kukosa, hujikuta akiadhibiwa mbele ya maelfu ya watu. Kosa ni la mguu wake, lakini pia ni la ligi iliyomlea.

Mwaka 2023 mlango ulifunguliwa tena. Aliletwa mwalimu Mfaransa, Thierry Froger, na wachezaji wa kigeni, miongoni mwao Mnaijeria Victor Mbaoma, ambaye alimaliza msimu akiwa mmoja wa wafungaji bora wa ligi. Waliodai wageni walishangilia, lakini si kwa muda mrefu. Septemba mwaka huo huo Pyramids ya Misri ilitoka sare ya 0-0 Kigali, kisha ikaicharaza APR 6-1 mjini Cairo. Na Novemba, timu ya taifa ya Rwanda iliifunga Afrika Kusini 2-0 kwa mabao ya Nshuti Innocent na Mugisha Gilbert, wazalendo wote wawili. Watetezi wa sera ya zamani hawakuhitaji hoja nyingine.

Januari 2024 APR iliitoa Young Africans kwa mabao 3-1 katika Kombe la Mapinduzi huko Zanzibar, halafu ikashindwa kuliona lango la Mlandege na kutolewa kwa penalti. Julai, mjini Dar es Salaam, ilipoteza fainali ya Kombe la Kagame, pia kwa penalti, mbele ya Red Arrows, timu ya jeshi la anga la Zambia. Agosti, Polisi wa Rwanda waliwanyang'anya askari wenzao kombe la ufunguzi wa msimu, tena kwa penalti. Mwezi huo huo ilifungwa na Azam 1-0 Dar es Salaam, ikarudisha 2-0 Kigali, lakini Pyramids ikaizuia tena.

Mwanzoni mwa 2025 wakaongezwa Waganda Denis Omedi na Hakim Kiwanuka. Ubingwa ukaja, na Kombe la Amani pia. Oktoba mwaka huo Pyramids wakaja Kigali kwa mwaka wa tatu mfululizo, safari hii wakiwa mabingwa wa Afrika, na APR ikatolewa bila kufunga hata bao moja katika mechi mbili. Mstari wa mbele wa Wamisri uliongozwa na Fiston Mayele, Mkongo aliyekwenda kwao mwaka 2023 akitokea Young Africans. Baada ya hapo maneno ya washabiki wa APR yalibadilika kidogo. Wengi hawakuuliza tena kama mgeni asajiliwe au asisajiliwe. Waliuliza kwa nini mshambuliaji wa namna hiyo, aliyekuwa akicheza nchi ya jirani tu, alionwa na watu wa Cairo kabla ya kuonwa na watu wa Kigali.