Usimfiche daktari mnyama aliyekuuma

Wakazi wengi wa mijini hudhani kuwa sheria ya wanyamapori ni mambo ya ndovu, vifaru na majangili wenye bunduki. Mwenye tumbili mchanga aliyefungwa kamba chini ya mwembe, kobe anayetambaa jikoni au komba ndani ya kizimba hajioni kamwe kuwa mvunja sheria. Kwake yeye huyo ni mnyama wa kufurahisha watoto tu, sawa na paka.

Sheria haioni hivyo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inamkataza mtu kuweka mnyamapori bila idhini, hata kama alimwokota kando ya barabara kwa huruma. Wanaoruhusiwa ni wale wenye leseni, kama vile wenye mashamba ya mbuni na mamba au makao ya nyoka, nao hukaguliwa.

Anayedhani kwamba wadogo hawahesabiwi na akumbuke kisa cha Mei 2025. Mahakama moja ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kupatikana na sisimizi hai. Naam, sisimizi! Wawili kati yao, vijana kutoka Ubelgiji, walikuwa na takriban 5,000, wa aina ambayo hununuliwa ng'ambo na watu wanaowafuga kwa kujifurahisha.

Mimi si wakili, na pengine msomaji anajiuliza daktari anatafuta nini katika mambo ya mahakama. Jibu ni kwamba hofu ya sheria huingia na mgonjwa hadi chumba cha daktari. Mtu aliyeumwa na tumbili wake mwenyewe husema ameumwa na mbwa wa jirani. Mama ambaye mtoto wake anaharisha damu hutaja maji ya mfereji na mandazi ya shuleni, lakini kobe aliye chini ya kitanda hamtaji. Uongo wa namna hii unaweza kuua.

Chukua kwanza kichaa cha mbwa. Ni kweli kwamba mbwa ndiye chanzo cha visa vingi mno vya ugonjwa huu kwa binadamu, lakini jina lake lisitudanganye. Mnyama yeyote anyonyeshaye anaweza kuupata na kuuambukiza, wakiwemo mbweha, nguchiro na tumbili. Dalili kwa kawaida hujitokeza baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, wakati kidonda kimekwisha kupona na kusahaulika. Zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Sasa sikiliza jinsi uongo unavyofanya kazi. Ukiniambia umeumwa na mbwa wa jirani, mzima na aliyechanjwa, kuna kanuni inayoniongoza: mbwa huyo achunguzwe kwa siku kumi. Akiwa bado mzima baada ya siku hizo, basi hakuwa akiambukiza alipokuuma, na chanjo uliyoanza inaweza kusimamishwa. Kanuni hiyo imethibitishwa kwa mbwa na paka. Kwa tumbili haifai, kwani hakuna anayejua kwa hakika ni siku ngapi mate yake yanaweza kuwa na virusi kabla hajaonekana mgonjwa. Hata ukimpeleka kwa daktari wa mifugo achanjwe, chanjo zilizopo zilitengenezewa mbwa, paka na mifugo. Kwa hiyo aliyeumwa na tumbili hana siku za kungojea. Chanjo ianze mara moja na ikamilishwe. Aliyesema "mbwa" anaweza kuambiwa aache chanjo akiwa bado hatarini.

Pili ni kasuku. Kinyesi chake kikikauka huwa vumbi, na ndani ya vumbi hilo mnaweza kuwemo kijidudu kiletacho homa ya kasuku. Mgonjwa hushikwa na homa kali, kuumwa na kichwa na kikohozi kikavu. Ukipigwa picha ya kifua, huonekana kama nimonia ya kawaida, na daktari asiyejua habari za ndege atakuandikia amoksilini. Dawa hiyo haikisaidii kitu kijidudu hiki. Kinachotakiwa ni dawa za jamii ya tetrasaiklini, kama doksisaiklini, na mgonjwa aliyekuwa hoi mara nyingi hupata nafuu katika siku mbili hivi. Mwaka 1929 na 1930 ugonjwa huu ulienea Ulaya na Marekani kupitia kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika Kusini, hata Marekani ikapiga marufuku kuingizwa kwao. Kuhusu kasuku wa kijivu, yule hodari wa kuongea, biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imekatazwa tangu 2017. Wanaouzwa kwa minong'ono hawana karatasi yoyote, wala hawajapimwa na mtu.

Kobe naye, mpole kuliko wote, hubeba salmonela tumboni bila kuugua hata siku moja. Mtoto humshika, kisha hutia vidole mdomoni. Kwa mtu mzima huenda ikawa ni kuharisha tu. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kijidudu hicho chaweza kuingia kwenye damu. Marekani ilikataza mwaka 1975 kuuza kasa na kobe wenye gamba fupi kuliko sentimita 10, kwa sababu hiyo hasa. Kumwosha kobe hakusaidii, na kumwoshea kwenye sinki la jikoni ni kuongeza balaa.

Wapo watakaosema kwamba tumbili wao wamemlea tangu uchanga na hajawahi kumuuma mtu. Huenda ni kweli, kwa sasa. Tumbili dume hukomaa akiwa na miaka mitano hivi. Meno yake ya pembeni huwa kama visu, naye huanza kutafuta cheo katika kundi. Kundi lenyewe ni familia yako, na anayeanza kupimwa nguvu ni mtoto mdogo kuliko wote. Tena afya njema ya kuonekana kwa macho si hoja. Mwaka 1967 tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda kwenda maabara za Ujerumani na Yugoslavia waliwaambukiza wafanyakazi virusi visivyojulikana hadi wakati huo. Watu 31 waliugua na saba wakafa. Ugonjwa huo leo unaitwa Marburg, jina la mji mmojawapo.

Basi ukiumwa au kuparuzwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano. Tazama saa, kwa kuwa dakika kumi na tano ni ndefu kuliko unavyodhani. Usipake mafuta ya taa, kahawa wala majivu. Kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo na utaje mnyama kwa jina lake. Uliza kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Siri ya mgonjwa ni sehemu ya kazi yetu. Swali langu kuhusu mnyama ni la kuchagua dawa, si la kukupeleka kizimbani.

Na ikiwa mnyama yumo nyumbani wakati unaposoma haya, usimpeleke usiku Karura au Ngong ukamwachilie. Aliyezoea kulishwa na watu hatakaa msituni. Atarudi kwenye nyumba zilizo karibu, atanyakua chakula mikononi mwa watoto na kuuma. Tumbili wa porini pia humfukuza au kumwua mgeni. Piga simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, au ufike katika ofisi yake iliyo karibu. Jijini Nairobi kuna makao ya wanyama mayatima kwenye lango la mbuga, Barabara ya Lang'ata, ambayo yamekuwepo tangu miaka ya sitini. Kabla hawajafika, mweke ndani ya sanduku lenye matundu, watoto wasimkaribie, na mtu mmoja tu ndiye amlishe, akiwa amevaa glavu.