Mawimbi ni Kitu Gani?

Watu wengi wakisikia neno mawimbi huifikiria bahari tu. Sisi tunaosoma hapa Ipogolo tuko mbali na bahari, kwa basi ni safari ya kutwa. Lakini mawimbi yametuzunguka tangu kengele ya alfajiri mpaka taa za bwenini zinapozimwa. Napenda kuwaeleza wenzangu, hasa wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, pamoja na wazazi wasomao gazeti hili, wimbi ni kitu gani na kwa nini yatupasa kulijua.

Nendeni Ruaha Mdogo, mahali maji yalipotuama kando ya mto, mkatupe jiwe. Mtaona duara zikitoka katikati na kuenea mpaka ukingoni. Sasa tazameni jani kavu linaloelea hapo. Linapanda na kushuka, wala halifuatani na duara zile. Basi siri yote ni hiyo: wimbi huchukua nguvu toka mahali hata mahali, lakini maji yenyewe hubaki pale pale.

Mawimbi ni ya namna mbili kwa jinsi yanavyotikisika. Fungeni kamba kwenye mti, kisha tikiseni ncha yake juu na chini. Wimbi laenda mbele, na kamba yapanda na kushuka. Hilo ni wimbi la kukingama. Mwanga nao ni wa namna hiyo. Namna ya pili twaiona kila siku katika mstari wa chakula. Mtu wa mwisho akimsukuma aliye mbele yake, naye humsukuma wa mbele, mpaka msukumo unamfikia yule aliyeshika sahani mlangoni. Kila mmoja amesogea kidogo tu na kurudi mahali pake, lakini msukumo umesafiri mstari mzima. Sauti huenda hewani vivyo hivyo.

Tena, yako mawimbi yanayohitaji kitu cha kupitia, kama hewa, maji au ardhi. Sauti ni mojawapo. Mengine hayahitaji kitu. Mwanga wa jua na mawimbi ya redio hupita hata mahali pasipo hewa kabisa. Ndiyo maana jua hutufikia.

Kila wimbi lina kimo chake, lina urefu wake toka kilele hata kilele, na lina hesabu ya mara linazotikisika kwa sekunde moja. Tukizidisha urefu kwa hesabu hiyo twapata mwendo wake. Kwa mfano, sauti inayotikisika mara 340 kwa sekunde ina urefu wa mita 1. Basi mwendo wake ni mita 340 kwa sekunde. Mwanga na redio huenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Mtazameni mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde: shoka limekwisha kutua, na mlio haujafika bado. Ukichelewa sekunde 1, mtu yule yuko mita 340 kutoka mliposimama.

Wimbi likigonga ukuta au jabali hurudi, nasi twasikia mwangwi. Tena huweza kupinda na kuzunguka kizuizi. Sauti ya mwalimu hutufikia hata akiwa nyuma ya ukuta, kwa sababu mawimbi yake ni marefu. Mwanga haupindi hivyo, kwa kuwa urefu wa wimbi lake haufiki hata sehemu ya elfu ya milimeta.

Haya si mambo ya mtihani tu. Jumamosi moja tulikuwa tukicheza mpira, wingu likatanda. Umeme ulimulika, na wengine wakasema, "Radi iko mbali, tuendelee." Mimi nikahesabu: sekunde 12 ndipo ngurumo ikasikika. Sauti huchukua karibu sekunde 3 kwa kila kilometa; basi radi ilikuwa kilometa 4 tu. Wingu lililo mbali hivyo laweza kupiga radi inayofuata uwanjani kwenu. Tuliuacha mpira tukakimbilia darasani. Wenzangu, mkisikia ngurumo ingieni nyumbani, msijikinge chini ya mti, wala msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mfano mkubwa zaidi ni wa tarehe 26 Desemba 2004. Karibu saa kumi za usiku kwa saa zetu, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, huko Indonesia. Mahali penye kina cha mita 4,000 wimbi la namna ile huenda kilometa 700 kwa saa, na kimo chake hakifiki hata mita 1, hata mabaharia hawalitambui. Likifika maji machache hupungua mwendo, na kimo chake huongezeka. Mawimbi yale yalifika pwani yetu mchana wa siku ile ile, na watu wasiopungua 10 walikufa nchini Tanzania, baadhi yao wakiogelea. Huko Somalia walikufa karibu 300. Kenya watu waliondolewa ufukoni Mombasa, kwa kuwa habari ilikuwa imetangulia.

Habari ilitanguliaje? Wimbi la redio lilihitaji chini ya sekunde moja kuvuka bahari, na wimbi la maji lilihitaji saa nyingi. Baada ya msiba ule nchi za Bahari ya Hindi zilianzisha mpango wa kupashana hatari mapema.

Hivyo ndivyo ilivyo hata uwanjani petu: umeme ni mjumbe mwepesi, na ngurumo yaja nyuma yake. Lakini mjumbe hamfai asiyejua lugha yake. Tujifunze basi kuhesabu, wenzangu, nasi tuwafundishe wadogo zetu nyumbani wakati wa likizo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne